Taa ya remorke

Mama,

Nimeenda Kibua na jeep kuchukua mwili wa kaka Paul. Remorke, tela letu la kukokota, nimeifunga nyuma ya jeep mwenyewe, buloni zimekaza. Dada Annonciata, pika maharagi ya wageni, usionje sufuria yote.

Asubuhi nilipounga nyuzi za umeme, taa ya remorke ilikataa. Siku zote Paul njo alikaa mbele mu jeep kuwasha, mimi nikitazama nyuma. Kwa mazoea nikamuita: “Paul, muvivu weye, washa.” Ikawaka. Kule mbele hapakuwa muntu.

~~Nitamulaza mu remorke.~~ Hapana, ile ni ya makabichi. Atalala mu jeep, nyuma yangu. Wajomba watapanda remorke, baridi iwafundishe kuimba.

Tukifika, mukinisikia naongea, musiniulize ni na nani.

Mutoto wenu wa mwisho,
Hilaire