Makaa ya Mzee Hubert

Jumanne, 15 Novemba 2022

Makaa ya mawe yamepatikana! Wiki tano za foleni na kurudi mikono mitupu, kumbe yalikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu. Ni ya marehemu Mzee Hubert. Mpwa wake, Roman, anataka kuuza nyumba, na mnunuzi anataka chumba cha chini kiwe kitupu kabla ya Krismasi. Nimechukua toroli nne. Shemeji Ewald, kaka wa marehemu mume wangu, anayeishi ng'ambo ya ua, kachukua kumi. Anahema kama treni lakini kasukuma mwenyewe. Msaada hataki.

Nikamuuliza Roman: ni makaa ya aina gani haya? Akacheka. Makaa ni makaa, bibi. Meusi, yanawaka.

Makaa ni makaa! Aniambie mimi! Miaka ishirini na sita nimesimama kwenye mkanda wa kuchambulia pale mgodini, natoa mawe kwa mkono. Basi na mke ni mke, aoe yeyote atakayepita barabarani.

Jumatano, 16 Novemba

Nimeyakagua dirishani, kwenye mwanga. Nimechora mstari nyuma ya kigae cha sahani — mweusi ti. Kwa hiyo si yale ya kahawia, machanga, yanayonuka. Afadhali. Lakini yanang'aa mno. Na yanachafua vidole kama masizi. Ukibana kipande kinamomonyoka. Makaa magumu kabisa hayachafui mkono, na yale ya kawaida ya jiko hayavunjiki kirahisi hivi. Haya nayajua! Nayajua na siyakumbuki. Inaudhi.

Nimewasha. Nusu saa moto mzuri, wa njano. Halafu vipande vikaanza kulainika, vikatoka jasho kama lami, vikashikana. Kikawa kifuniko kimoja kizima juu ya chanja ya jiko. Hewa haipiti. Moshi ukarudi chumbani! Nimefungua madirisha yote, nimekivunja kwa chuma. Supu nimekunywa nimevaa koti na kofia.

Irena akapiga simu katikati ya kikohozi changu. Mama, achana na hayo mambo, njoo kwangu ghorofani, joto linatoka kwenye mabomba ya ukutani. Nikamwambia joto la ukutani halina adabu, linakuja bila kuitwa. Hakucheka. Mwanangu huyu sijui kamrithi nani.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimekumbuka! Maabara ya mgodi. Nilikuwa nikiwapelekea sampuli, nikachungulia wanavyofanya.

Nimetwanga makaa mpaka yakawa unga. Nikajaza kikopo cha rangi ya viatu, nikatoboa kifuniko tundu moja, nikakizika ndani ya moto wa kuni. Nikangoja. Nikasali rozari nzima, ingawa akili haikuwa kwenye rozari.

Nikafungua. Unga hakuna. Kuna kitu kimoja kizima, cha kijivu, chepesi, kimeumuka kama mkate!

Basi. Ni makaa ya kuumuka. Hayo si ya jiko la nyumbani. Yanaziba chanja, moto unakosa pumzi, na ile gesi isiyo na harufu inarudi ndani. Mtu analala, haamki.

Na Mzee Hubert aliyaweka ya nini? Nyumba yake ilitumia gesi ya bomba tangu zamani. Nimezunguka jikoni na swali hilo mpaka nikajipiga paji la uso. Mageti! Nusu ya mageti ya chuma mtaani kayafua yeye. Mhunzi anayataka makaa yanayoshikana, yanatengeneza pango la moto kuzunguka chuma chake. Makaa bora kabisa — kwa mhunzi!

Mimi ni mjinga kwa siku mbili tu. Kuna watu ni wajinga maisha.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimempelekea Ewald ule mkate. Kaugeuza geuza.

"Umepika nini tena, shemeji?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha: "Truda, mimi niliyachimba. Miaka thelathini na moja. Wewe uliyaangalia yakipita."

"Ndiyo, niliyaangalia. Kwenye taa. Wewe uliyapiga gizani, ukayaona mgongo tu."

"Yanang'aa! Makaa mabaya hayang'ai."

"Sijasema mabaya. Nimesema si yako."

Akaniambia nikajipumzishe. Kujipumzisha! Nikaacha mkate juu ya meza yake, kando ya sukari. Auone kila asubuhi.

Jumamosi, 19 Novemba

Kwa Roman. Nimemwambia yachukue tena makaa, yangu na ya Ewald, na yaliyobaki yatafutie mhunzi. Bibi, mhunzi nimtoe wapi siku hizi, makumbusho? Watu wanaganda, wanapanga foleni, mimi niwaambie makaa haya ni ya kufulia mageti? Kisha, kwa upole, kama anaongea na mgonjwa: ulikuwa unaokota mawe, siyo? Sio mhandisi.

Siyo mhandisi. Sawa. Nimempa mgongo. Nimerudi nimechanja kuni mpaka giza likaingia.

Jumapili, 27 Novemba

Jina langu liko kwenye orodha ya makaa ya halmashauri, la mia mbili na kumi. Nachoma kuni za kabati la marehemu mume wangu. Halikuwa zuri hata jipya.

Dohani ya Ewald inatoa moshi mzito, wa manjano. Nauona kutoka dirishani. Asubuhi, mchana, jioni. Nimechoka kuutazama.

Jumamosi, 3 Desemba

Irena aliniletea king'amuzi cha ile gesi, kifaa cha kutundika ukutani, kinacholia gesi ikizidi. Nimekitundika kwa Ewald. Kwa lazima. Yeye anapiga kelele, mimi napiga msumari.

Kesho sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji. Sare ya Ewald ya uchimbaji imening'inia mlangoni, vifungo vinang'aa, kofia ya manyoya juu ya kiti. Kaniuliza kama nitatembea naye kwenda kanisani. Nikasema nitatembea naye akizima jiko. Akasema basi nitembee mbele.

Jumapili, 4 Desemba

Naandika hospitalini, nyuma ya karatasi ya fomu. Nitabandika baadaye.

Bendi ya wachimbaji ilipita alfajiri kama kila mwaka. Ewald hutoka mlangoni kuwapigia saluti. Hakutoka. Saa mbili, hajatoka. Nikavuka uani na viatu vya ndani.

Mlango haukufungwa, Mungu ashukuriwe. Yuko mezani, shati la sare limefungwa nusu, mashavu mekundu kama ya msichana. Kichwa kinaniuma, shemeji. Nikae kidogo tu. Ulimi mzito. King'amuzi kiko kimya, na juu ya meza — betri! Kaitoa! Eti kililia, kikamkera.

Nilifungua dirisha. Lingine lilikuwa limeganda, nikalivunja kwa kopo la sukari. Nimemvuta kwa ukosi mpaka ngazini. Mtu wa kilo tisini. Sijui nguvu ilitoka wapi, labda ni hasira. Kitu cha kwanza alichosema penye hewa: funga dirisha, baridi inaingia.

Zimamoto wamekuja, wamepima ile gesi. Wametoa kifuniko cha makaa yaliyoshikana jikoni, kizima, kama sahani ya chuma.

Sasa ana oksijeni usoni. Daktari anasema dakika ishirini zaidi na tungekuwa na mazungumzo mengine. Nimelia kwenye choo cha wanawake, muda mfupi. Halafu nimenawa uso.

Jumanne, 6 Desemba

Ewald bado kalazwa. Anatazama ukuta. Leo nilipoinuka kuondoka akasema, bado anatazama ukuta, kwamba kwenye chumba cha chini kwa Hubert zimebaki kama tani mbili za makaa yale. Hivyo tu.

Nimemweleza Roman yaliyotokea. Alipauka. Akaniuliza mara mbili kama Ewald atapona. Kisha akasema mnunuzi wa nyumba hasubiri, na makaa yaliyobaki amekwisha kuyaahidi kwa wanandoa wazee wa mtaa wa juu. Kesho. Nikamwambia niyatafutie mhunzi mimi. Akasema muda hakuna.

Jumatano, 7 Desemba

Nimeketi kwenye ngazi za chumba cha chini cha Mzee Hubert, mgongo kwenye mlango, daftari gotini. Saa nne kasoro. Theluji kidogo. Lori liko getini, injini inanguruma. Roman kaomba, kafoka, kaomba tena. Sasa anapiga simu polisi. Apige. Nina ule mkate mfukoni, nimeuchukua mezani kwa Ewald, na kikopo kingine kimejaa unga. Wakija, watakaa hapa na mimi nitawasha moto uani na watangoja kama nilivyongoja.

Dereva amezima injini. Ananitazama.

Teksi imesimama. Ni Ewald! Na koti la hospitali chini ya lake. Nani kamruhusu? Hakuna aliyemruhusu, inaonekana. Anapumzika kwenye nguzo ya geti. Sasa anakuja, polepole, anashika ukuta. Roman anamwambia mzee, afadhali wewe, mwondoe shemeji yako hapa.

Anaangalia ngazi. Kaniambia: "Sogea, shemeji."

Sijui anataka kukaa au kupita. Mimi sijasogea.