Nimemgawia Marehemu Sadaka, Kumbe Yu Hai

Mpendwa Shangazi Ashatu, nisaidie kabla sijaugua, maana kila simu ikilia naiacha iite tu. Nina steshenari hapa Bagamoyo, na mwaka jana katika kusafisha stoo nilikuta diski za ile programu ya hesabu tuliyosomea tuisheni utotoni, ya kompyuta zile kubwa za kizamani, aliitunga mwalimu wetu wa tuisheni mwenyewe, Mwalimu Bwanausi, na kaka yangu Twalib akahangaika nayo mpaka ikafunguka kwenye kompyuta za sasa, nikafurahi hata nikalia. Nikauliza mwalimu yuko wapi, jirani akanijibu, "Huyo alishatangulia mbele za haki," basi sikuuliza tena, nikasema nimtendee wema, nikaigawa bure iwe sadaka jariya yake, thawabu ziendelee kumfikia kaburini, walimu wakaja na flashi zao kutoka Mlingotini hadi Fukayosi, na pale inapofunguka nikaandika, na namba yangu ya simu chini yake: "Mrehemuni marehemu Mwalimu Bwanausi, msomeeni Fatiha." Sasa juzi kanipigia binti yake, Mina, yuko Saadani: "Dada, baba yupo hapa anakula wali, na mjukuu wake karudi kutoka shule anamsomea Fatiha. Nani kakupa ruhusa?" Nikakata simu. Wanapiga, sipokei. Naogopa mwalimu atanishtaki, na aibu niliyonayo inazidi hata huo woga. Nifanyeje?

Shadya, Bagamoyo

Shadya mwanangu, pole, na nimecheka, nisikufiche. Lakini umekosa. Mtu hafi kwa kauli ya jirani. Mtoto wa Bagamoyo mzima umeshindwa kuuliza alizikwa wapi na arubaini yake ilisomwa lini? Na hata angekuwa amekufa kweli, programu ile ingekuwa na warithi. Kuchakaa kwa diski hakuifanyi kazi ya mtu kuwa ya bure, na sadaka hutolewa katika chako, si katika cha mwenzio. Nia yako njema naiona, ila sheria haitaanza na nia.

Leo hii acha kuigawa, na uwaombe walimu wasiwarushie wengine mpaka mwenyewe aseme. Yale maandishi ya Fatiha yafute. Kisha pokea simu, mwanangu, simu haiumi! Nenda Saadani na mtu mzima wa kwenu, umwombe mwalimu radhi uso kwa uso, umweleze watoto wanavyoifurahia, ndipo uombe ruhusa. Akiridhia, andikianeni mkataba. Akikataa, ni haki yake, utaifuta.

Ila usianze kujitetea mlangoni. Mpe shikamoo, unyamaze, usubiri mpaka aitikie marahaba kwa sauti yake. Ukishaisikia, hutathubutu tena kuamua jambo lake bila kumuuliza.