Nani Atashika Usukani Jumatatu

Nkende, Tarime
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unakunja goti bila maumivu, na kwamba kifua cha Mama kimetulia tangu baridi ipungue. Mwambie ile dawa ya majani aliyonipa imefika na inafanya kazi. Sisi huku ni wazima. Mokami ametimiza miezi minane, ameota meno mawili ya chini na yanamtesa, kwa hiyo yeye halali na mimi silali. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue mkono mmoja unaandika na mwingine umemshika. Mkwe wako Magige anakusalimu sana. Bado anaziba matangi ya maji na bampa za magari za faiba hapa nje ya nyumba, na mimi bado namsaidia kusugua na kupaka pale mtoto anaponipa nafasi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Baba, simu yako huwa inapokelewa na mdogo wangu Tonny, na wewe ukiongea unaweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia salamu. Neno langu si la majirani. Nimemwomba Mama Selestine, anayevuka mpaka wa Sirari kesho kuja huko Kenya kufuata nguo za mitumba, akukabidhi mkononi. Naomba uisome mwenyewe, na uisome kabla ya Jumatatu.

Jumapili shangazi Gladys alinipigia akiwa na furaha hata maneno yanamgombania mdomoni. Alisema Jumamosi mliishusha boti mpya majini, jogoo alichinjwa, na ikapewa jina la bibi Abonyo. Alisema ulisimama mbele ya watu ukatangaza kwamba Tonny ana jicho la kuona ubovu uliofichwa, kwa hiyo yeye ndiye atakayeshika usukani, na Simioni, aliyetupeleka na kuturudisha kwa mtumbwi wa mbao miaka kumi na minne, akae nyuma na ndoana. Jumatatu mnatoka watu sita kwenda kwenye kina kirefu kutega sangara, na wewe mwenyewe utakaa mbele. Shangazi akanipigia kigelegele kwenye simu. Mimi nilikata simu kabla hajamaliza.

Baba, ulichosimuliwa kuhusu siku ile ya kuchagua boti ni nusu. Ngoja nikupe yote.

Unakumbuka ulitaka Magige ndiye afuatane na Tonny, kwa kuwa faiba ni kazi yake, lakini alikuwa amekwenda Nyansurura, ng'ombe wa dada yake Felista walikuwa wanakufa. Ukanipigia mimi ukaniita nyara, binti yangu, ukasema niende niwe macho ya mdogo wangu. Ukasisitiza kwamba niwe macho tu, maana kwetu mwanamke hakanyagi boti mpya kabla haijashushwa na kupewa jina. Nikakuitikia ndiyo Baba.

Tulifika Shirati asubuhi ile Jumanne, Mokami mgongoni. Muuzaji, huyo Erasto, alikuwa na boti mbili za faiba zenye usukani katikati, kama ulivyotaka, ili watu wazunguke pande zote na kuvuta kamba bila kurukiana. Moja nyeupe yenye mstari wa bluu, injini mbili, viti vya sponji na spika ya muziki. Nyingine ya kijani iliyopauka, pana zaidi, injini moja, na pa kukaa dereva ni sanduku la barafu. Tonny hakuiangalia ya kijani hata mara moja. Erasto alimwona mapema kama mvuvi anavyomwona samaki mwenye njaa. Akamwambia ukiingia ziwani na nyeupe hii sangara wenyewe watasimama wakupigie saluti. Nilipouliza imekaa nchi kavu muda gani, akacheka akasema mama, boti si sufuria, waachie wanaume. Tonny naye akaongezea kwamba tangu niolewe kwa wachunga ng'ombe naogopa hata maji ya kuoga. Wakacheka wote wawili. Nikaendelea kuangalia.

Walipokwenda kuijaribu mimi nilibaki ufukweni. Upepo ulikuwa umeanza kuinuka. Baba, niliyoyaona hapo sikukuambia. Tonny aliendesha kwa kusimama, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeinua simu anajipiga picha ya video. Akaikata kona akalipa wimbi ubavu. Boti ililala upande, nikaona tumbo lake lote, na Erasto akaruka akaunyakua usukani. Walirudi Tonny akiwa amelowa mpaka kifuani, anacheka kama aliyetoka harusini. Akasema hiyo hiyo, tunachukua hiyo.

Kuivuta nyeupe mchangani walihitajika watu wanane. Ya kijani, ambayo ni pana kuliko hiyo, niliona watano wakiisogeza asubuhi ile bila hata kuhesabu moja mbili tatu. Hapo nikashuku kwamba nyeupe imekunywa maji. Erasto akamchukua Tonny kwenda hotelini kula samaki na kukubaliana.

Wewe uliambiwa kwamba baada ya chakula Tonny alirudi, akaigonga ile boti, akagundua imeoza, akaikataa mbele ya muuzaji akachagua ya kijani. Kugonga ni kweli aligonga. Lakini alikuwa anagonga mahali nilipokwisha kumwonyesha.

Baba, niliingia mimi. Nilivua ndala, nikapanda kwenye ile nyeupe na mjukuu wako mgongoni, nikachukua kijiko chake cha uji, nikagonga sakafu kuanzia mbele, kama tunavyogonga matangi hapa nyumbani. Faiba nzima inajibu kwa sauti kavu. Mbele ilijibu vizuri. Kuanzia kwenye usukani kurudi nyuma ilijibu kama kupiga ugali. Nikafungua kifuniko kilicho chini ya kiti, nikatia mkono, sponji iliyojazwa tumboni mwa boti ilikuwa imekunywa maji na inanuka. Ule ubao wa nyuma unaobeba injini mbili niliusukuma kwa mpini wa kijiko, ukaingia kama kwenye parachichi. Siku ya mawimbi makubwa injini zingeng'oka na sehemu ya nyuma ya boti, na maji yangeingia kabla mtu hajapiga kelele.

Halafu nikapanda na kwenye ya kijani. Hii hii yenye jina la bibi. Niliigonga kila shibiri mpaka mkono ukauma, nikafungua kila kifuniko, nikaingia mpaka magoti pale mbele. Ni nzima, Baba. Mama mmoja anayeanika dagaa aliniona, akageuza uso wake upande wa pili.

Tonny aliporudi nilimvuta pembeni nikamwambia. Kwanza alikasirika kwa nini nimekanyaga. Kisha akaogopa, maana aliona wewe ungesema safari nzima imeharibika. Mimi ndiye niliyemwambia aseme kwamba yeye ndiye aliyegundua. Sikulazimishwa. Nilijua ukisikia mguu wangu uliingia ungezikataa zote mbili siku hiyo hiyo, na Tonny angekwenda kwa muuzaji mwingine kuchukua nyeupe nyingine ambayo hakuna aliyeigonga. Niliona bora nikudanganye wewe kuliko niwape ninyi jeneza lenye spika. Nikadhani uongo utaishia hapo ufukweni. Sikujua utamvika mtu unahodha.

Nampenda Tonny. Nimembeba mgongoni kabla sijambeba huyu wangu. Hana roho mbaya, ni fundi mzuri wa simu, na watu wanampenda. Lakini hajui ziwa, na sasa amesifiwa kwa kitu asichokijua, na mtu wa namna hiyo hawezi kusema naogopa mbele ya watu waliompigia vigelegele. Juzi nilimpigia nikamwambia akwambie mwenyewe. Akasema dada, usinivunjie, mambo yameshakaa. Jana nikampigia tena, hakupokea. Ndiyo maana naandika.

Najua Simioni hajazoea usukani wa duara. Kuuzungusha atajifunza asubuhi moja. Mawimbi Tonny hawezi kuyajifunza asubuhi moja.

Kuhusu kosa langu, ni langu. Kama boti inatakiwa kutakaswa, sema linalotakiwa, nitavuka na mtoto na nitasimama mahali wazee watakaponiambia nisimame. Kama unaona haifai tena kwa sababu yangu, iache ikae mchangani, nitaubeba huo uchungu. Lakini Baba, ukiamua kutoka nayo, usitoke na Tonny kwenye usukani. Katika hili siombi, nasema. Ulinituma niwe macho, na macho yameona.

Usimpige wala usimwaibishe. Mweke karibu na Simioni ajifunze polepole, naye atapata siku yake. Hasira zako uniwekee mimi. Nitazipokea zote siku mtakayorudi, mkirudi wote sita.

Msalimie Mama, mwambie Mokami ana paji lake la uso, watu wote wanasema. Msalimie shangazi Gladys na umwombe anisamehe nilivyokata simu. Mpe Simioni salamu zangu kwa jina, asikie kwamba nimemtaja. Na Tonny msalimie, mwambie dada yake hajamsahau na wala hajamtupa. Magige anasema jioni njema, ametoka kunawa vumbi la faiba na anamchukua mtoto ili nimalizie.

Ni mimi binti yako,

Awino, Mama Mokami