Kalamu ya Mzee Maduhu

Shule ya Wasichana ya Misheni,
Kalangalala,
Geita, kwa njia ya Mwanza.

18 Oktoba, 1953.

Mpendwa Kaka Donatus,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwezi Agosti kimekwisha. Ikiwa hakijakwisha, usikizoee. Vumbi la mkonge si la kuzoewa. Nenda hospitali, kisha uniandikie walivyokuambia. Wifi yangu hajambo? Na watoto je, mkubwa ameanza kusoma? Nimetuma daftari mbili kwa mkono wa mwalimu mmoja anayehamia Korogwe, nawe ukizipata usiache kunijulisha.

Sisi huku tu wazima. Mama anatembea bila mkongojo tangu mwisho wa Septemba. Baba angali seremala mgodini, na angali anawasuta vijana wanaopigilia misumari mahali panapotakiwa kiungo. Mvua bado, ila mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa kila alasiri.

Inanipasa sasa kufuta maneno niliyokuandikia tarehe 23 Agosti. Nilisema kwamba ugomvi wa lambo hauna dawa, na kwamba mdogo wetu Esta azoeshwe kuishi bila kutarajia kurudi kwa mumewe. Hoja zangu nilizipanga vizuri, lakini sikupata jibu sahihi. Jambo limekwisha vema, kwa hiyo usisome kwa hofu. Ila sitaanza na mwisho, maana nakufahamu: ukishaujua mwisho utaikunja barua na kwenda zako.

Baadhi ya haya unayajua. Lambo lile la ng'ombe liko katikati yetu na wafugaji wa Kisukuma. Mwezi Julai, maji yalipopungua, watu wa kambi ya mgodi walianza kuoshea humo michanga yao ya dhahabu, wafugaji wakakataa, na fimbo zikatumika. Mageni, mume wa Esta, alimvunja mkono Stanslaus, mpiga baruti wa mgodini. Wakati huo Esta alikuwa kwetu, amekuja kujifungulia uzazi wa kwanza kama ilivyo desturi. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima. Baba akaapa kwamba binti yake harudi katika nyumba ya mvunja mikono. Mzee Maduhu, baba yake Mageni, naye akatuma neno kwamba mjukuu wake hapewi jina na wakwe, na kwamba mvua ya kwanza ikinyesha kabla mtoto hajaletwa, Mageni ataoa mwingine. Kaka, mtoto yule alikaa miezi miwili bila jina. Tulimwita "huyu". Esta alikuwa akitoka nje kila asubuhi kuyatazama mawingu, na mimi nilikuwa nikijifanya sioni anachokitazama.

Bwana Shauri wa wilaya alisema kwamba iwapo pande mbili hazitaandikiana mapatano na kuyatia sahihi, atalizungushia lambo seng'enge, asinywe ng'ombe wala mtu.

Aliyenitoa katika uvivu wangu ni Mwanaima, mwenyeji wa Kahama anayepikia watu wali na chai karibu na lango la mgodi. Alikuja shuleni akasema, "Mwalimu, wewe unajua kuandika, mimi najua nani hasemi na nani. Hatuwezi kukosa njia." Nilimjibu kwamba njia haipo. Akakaa mpaka nikamaliza kusahihisha hesabu za darasa zima, kisha akaniuliza tunaanza lini.

Tulifanya kazi kwa wiki sita. Walioitisha baraza kwa majina yao ni Januari, karani wa mgodi, na Marcel, katekista wetu, ambaye kwao ni huko huko kwa wafugaji. Majina yetu sisi wawili hayakuandikwa popote, na ndivyo tulivyotaka, kwa sababu mzee asiyetaka kuitwa na mwanamke angepata kisingizio. Mwanaima alizunguka kwa wake, maana waume husema kwa wake zao wasiyoyasema barazani. Mimi nilipanga mpangilio. Nilichora uwanja wa shule na kuweka madawati ili upande wowote usipigwe jua la uso. Niliamua fimbo ziachwe langoni mikononi mwa watu wawili, mmoja wa kila upande. Niliandika nani aseme kwanza, na kwa muda gani. Nakiri kwamba nilijivunia karatasi ile.

Likabaki suala la sahihi. Nilifikiri hivi: kukiwa na kalamu moja, wafugaji watasema ni ya mgodi, na wapo watakaodhani imetiwa dawa. Basi katika barua ya mwaliko nikaandika, "Kila upande uje na kalamu yake." Januari aliwasomea watu wa kambi. Marcel aliwasomea wafugaji, nyumba kwa nyumba, na alisoma kama nilivyoandika bila kupunguza neno. Lakini wewe umekulia huku, Kaka. Unajua kwamba katika vinywa vya Wasukuma kalamu na karamu ni neno moja. Na katika nyumba isiyo na mtu wa kuandika, atakayeambiwa aje barazani na hicho kitu, ataleta kipi? Miaka kumi nafundisha watoto wao kutenganisha herufi mbili hizo, na sikuliwaza hilo hata kidogo.

Jumamosi tarehe 10 watu wa kambi walifika kwanza, wakaketi kama nilivyochora. Stanslaus alikaa dawati la mwisho, mkono ungali umefungwa kitambaa shingoni. Mimi na Mwanaima tulikuwa nyuma, penye mitungi ya maji. Kisha wafugaji wakatokea, nasi tukasimama kwa mshangao. Mbele walikuwa na fahali mwekundu. Nyuma walifuata wanawake na vyungu, unga, na mabuyu ya maziwa ya mgando. Walimfunga fahali kwenye mlingoti wa goli, wakaketi, wakasubiri.

Januari alifungua baraza na, kwa kufuata karatasi yangu, akauliza kama kila upande umekuja na kalamu yake.

"Tumekuja nayo," alisema Mzee Maduhu. "Ile pale. Ina pembe mbili. Yenu iko wapi?"

Januari, maskini, akachomoa kalamu ya wino mfukoni na kuiinua.

Mwanamke mmoja wa kule, aliyebeba mabuyu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Na hiyo atashiba nani?"

Hakuna aliyecheka. Watu wa kambi walidhani wanadhihakiwa kwa sababu ya elimu yao. Wafugaji nao waliona wameitwa karamuni na watu waliokuja mikono mitupu, na kwao hilo ni tusi kubwa kuliko fimbo. Wazee watatu walikwisha kuinuka na kuelekea langoni ziliko fimbo. Ndipo neno lile likanijia, herufi kwa herufi, nikaona nilichokifanya.

Haikuwa katika mpangilio wangu kusimama mbele ya baraza. Nilikwenda. Niliwaambia kwamba mwaliko niliuandika mimi, kwamba nilikusudia kalamu ya kuandikia, na kwamba aliyekosea si Marcel wala mtu mwingine.

Mzee Maduhu aligeukia upande wangu, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu mwalimu," akasema, "sasa fahali wangu arudi nyumbani kwa kuwa wewe umekosea maandishi?"

Mwanaima ndiye aliyemjibu, kutoka kwenye mitungi. "Arudije, baba, na mchele nimekwisha kuuloweka?"

Hakuwa ameloweka hata punje. Ni uongo mmoja tu niujuao uliosemwa siku ile, nami niliuacha upite. Alimwita mumewe achinje, kwa kuwa ni Mwislamu kama yeye na hivyo kila mtu angeweza kula, kisha akaondoka mbio kuufuata mchele.

Fahali alikuwa na nguvu, akakataa kulala. Vijana walimzunguka kwa woga. Mzee Maduhu akageuka nyuma mpaka dawati la mwisho. "Wewe wa mkono mmoja, njoo ushike mkia. Mkia hauhitaji miwili."

Nilimwona Mageni akiinamisha kichwa. Stanslaus akainuka polepole, akavuka nafasi niliyoiacha kwa makusudi kati ya pande mbili.

"Nitashika mkia," alisema, "ikiwa mwanao atashika pembe. Safari hii tuone atavunjika nani."

Aliyeanza kucheka ni yule mwanamke wa mabuyu, kisha kicheko kikaenea pande zote. Mageni akaenda akashika pembe. Sikusikia waliambiana nini huku fahali akiwaburuta. Nilichokiona ni kwamba, Stanslaus alipoanguka, Mageni ndiye aliyemwinua, na alimwinua kwa kumshika ule mkono wake mzima.

Nyama ya fahali mzima haiivi kwa saa moja na nusu, muda niliokuwa nimewapa wasemaji. Waliisubiri tangu saa nne hadi saa tisa, na katika kusubiri wakayasema yote, wamechuchumaa penye mafiga, bila zamu na bila madawati. Walikubaliana kwamba ng'ombe wanywe asubuhi na alasiri, watu wa kambi wachote adhuhuri upande wa juu, na anayetaka kuosha nguo au michanga abebe maji yake mpaka chini ya tuta. Stanslaus alitaka kitu kimoja tu, kwamba Mageni aseme mbele ya wote kwamba alimpiga akiwa amempa mgongo. Mageni alisema. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

Niliandika yote, nikayasoma mara mbili, Marcel akayarudia kwa Kisukuma. Januari akatia sahihi kwa kalamu yake. Mzee Maduhu aliutazama wino akatikisa kichwa. Akaenda kwenye chungu walichokuwa wamekula wote, akapitisha dole gumba penye masizi, akalibandika kwenye karatasi. Wazee wenzake wakamfuata. Nilitaka kusema kwamba masizi yana mafuta na yatachafua maandishi. Badala yake nikawashikia karatasi. Karani wa Bwana Shauri alipoipokea Jumatatu aliinusa, akaniuliza karatasi hii imetoka barazani au jikoni. Nilimwambia ukweli. Ameipokea, na lambo halitawekewa seng'enge.

Sasa kuhusu Esta. Baba alikuwepo siku ile, ameketi mwisho kabisa. Baada ya watu kula, Mzee Maduhu alimwendea, akamwambia kwamba mkwe akikataa kuleta mjukuu, babu hana budi kumfuata, na kwamba atakuja Jumatatu. Baba akajibu kwamba Jumatatu yupo kazini. Ni jibu la ajabu, lakini Mama alielewa mara moja kwamba si kukataa, akaanza kufua nguo za mtoto Jumapili baada ya misa.

Wakaja kweli, yeye na Mageni. Baba hakwenda kazini. Mageni alipiga magoti mlangoni akamwamkia, na Baba akachelewa kidogo kuitikia, lakini akaitikia. Mzee Maduhu alimpakata mtoto, akamwita Luhende, jina la baba yake mwenyewe, akalirudia mara tatu, naye mtoto akalala. Esta alijifunga kitenge akaondoka nao. Alipofika penye kona ya shule aligeuka akapunga mkono, hakutazama juu.

Alhamisi alasiri mvua ya kwanza ilinyesha, kubwa, kwa muda wa saa nzima.

Nimejiuliza ni nini hasa nilichokifanya mimi katika jambo hili, na jibu ninaloweza kulitetea ni kwamba niliwaita watu wakaja. Mengine waliyafanya wenyewe, na moja kubwa lilitokana na kosa langu. Hilo halinisumbui kama ambavyo lingalinisumbua zamani. Nalala vizuri.

Baba haulizi habari za Esta, wala hamtaji Mageni. Lakini jana mvua ilikuwa imetujazia mapipa yote mpaka pomoni, nikamwona akichukua ndoo mbili akielekea lamboni, njia inayopita nyumbani kwa Mzee Maduhu. Alirudi jioni. Ndoo zote mbili zilikuwa tupu.

Mama anakusalimu sana, na anasema kikohozi kikiwa kimekwisha barua yako ijayo iwe ndefu zaidi. Mwanaima anakusalimu ingawa hakujui, na Marcel katekista anakukumbuka. Nisalimie wifi, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina lake, na Mama mdogo Serafina ukipita kwake Muheza. Mungu akujalie afya, akupe amani kazini na mezani, atukutanishe tukiwa sote.

Dada yako akupendaye na asiyekusahau,

Generosa