Nyota ya Husseni na Msondo Uliokwenda Saadani

Gongoni, Bagamoyo
12 Mfunguo Mosi, 1303

Mpendwa kaka yangu Mahfoudh,

Shikamoo, kaka. Nakuletea salamu nyingi za kheri na mapenzi, zikukute huko Unyanyembe ukiwa na afya yako. Je, ile homa ya vipindi imekuachia? Na kifua nacho? Wapagazi walioshuka pwani kabla ya Ramadhani walisema umekonda, nikawauliza umekonda kwa ugonjwa au kwa kazi, hawakujua. Watu wanabeba pembe safari yote ile bila kuangusha hata moja, lakini habari ya mtu wanaifikisha nusu.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Bibi Somoe macho yamepungua lakini ulimi bado mkali. Ndugu yetu Mina amekuja kutoka Miono na mpunga mzuri, Idi tumekula tukashiba. Kwa upande wa mwili hatuna neno. Lakini moyo wangu unawaka, kaka, na nisipokueleza wewe sijui nimweleze nani.

Msondo wa babu, ngoma yetu kuu, umekwenda Saadani. Ndiyo, msondo ule ule aliouchonga kwa mkono wake, uliopigwa siku ya harusi yako na Miza. Haukuibwa wala haukuuzwa. Tumeshindwa fimbo za kirumbizi, na ami yetu Sadallah alikuwa ameuweka rehani bila kumuuliza mtu.

Unajua mwaka juzi tuliwashinda Saadani hapa kwetu, na mwaka jana wakatushinda kwao. Safari hii ilikuwa ya kukata shauri, siku ya nne ya Idi, kule Winde, kijiji kisicho chetu wala chao. Ami, kwa vile tangu alipofariki baba yeye ndiye anayewapanga vijana wetu wa fimbo, akakaa na wazee wa Saadani akakubali kwamba atakayeshindwa atoe ngoma yake kuu. Niliposikia nilimwendea nikamwambia, "Ami, ngoma ile ni ya ukoo." Akanijibu, "Hatushindwi, Zeyana. Nenda kapike."

Nikaenda kupika. Ningefanyaje?

Hata hivyo sikuwa na hofu kubwa, kwa sababu tulikuwa na Husseni. Kaka, wewe ulimwacha mwanao angali na kamasi, hujamwona akicheza. Mwepesi, macho hayatoki kwenye mabega ya mwenzake, na fimbo yake huisikii mpaka imekwisha kukufikia. Mtaa mzima ulijua kwamba vijana wetu watatu wa kuingia uwanjani mmoja mmoja ni Dadi, Seleman, na wa mwisho Husseni.

Sasa sikiliza vituko. Kabla ya safari Ami akaenda kwa mwalimu wa falaki kuwatazamia vijana nyota zao. Hapo simlaumu, ni desturi, hata baba alikuwa akifanya. Mwalimu akataka jina la kila kijana na jina la mama yake, apige hesabu. Ami akataja: Husseni mwana wa Zeyana. Mwalimu akapiga hesabu zake, akasema huyu siku hiyo ni nuksi kwake, asishike fimbo.

Mwana wa Zeyana! Kaka, mimi nimemlea, nimemwogesha, nimemkesha kwa surua, na mtaa mzima unaniita Mama Husseni. Lakini aliyemzaa ni Miza, Mungu amrehemu, na Ami mwenyewe alishika jeneza lake. Sisemi falaki ni uongo. Ila ukimpa fundi kipimo cha mguu wangu, usitegemee viatu vikuenee wewe.

Nilipata habari asubuhi ya kuondoka, watu wamekwisha kufunga vyakula. Nikamkimbilia Ami nikamwambia jina la mama limekosewa, arudi kwa mwalimu, ni hatua chache tu kutoka msikitini. Akacheka akaniambia, "Mlezi ndiye mama, Zeyana. Au unamkana mtoto?" Watu wakacheka naye. Miaka yote hii neno hilo nililitamani kutoka kinywani mwake, naye akangoja siku hiyo kulisema.

Basi pahala pa Husseni akamweka Salumu. Unamkumbuka Salumu, mume wa binti yake Ami? Kijana mwema, hana ubaya na mtu, lakini kifundo cha mkono kilimteguka alipoanguka kwenye mnazi, mpaka leo akishika kata ya maji anatumia mkono wa kushoto.

Tukafika Winde, uwanja umejaa, zumari inalia mpaka mwili unasisimka. Akaingia Dadi wetu. Lo, Dadi siku ile! Alimtoa wa kwanza wa Saadani kabla watu hawajakaa vizuri, akamtoa wa pili. Akabaki wao mmoja tu, Kulwa, yule mrefu. Sisi wanawake vigelegele vimetukausha koo, na Dadi ndiyo kwanza jasho linamtoka. Ndipo Ami akanyoosha bakora yake akamwita Dadi atoke apumzike.

Apumzike! Nani kachoka? Dadi alimtazama kama hakusikia. Mkewe Dija, niliyekuwa nimekaa naye, akapiga kelele, "Muacheni! Muacheni amalize!" Ami akamwita tena, na Dadi ana adabu, akatoka. Na kirumbizi unakijua, aliyetoka katoka, harudi. Baadaye Ami alisema alitaka na wengine wapate kucheza wasije wakanung'unika. Kaka, kama alitaka wote wapate kucheza angewachezesha uani kwake, si juu ya msondo wa babu.

Seleman akaingia, Kulwa akamgusa begani kwa fimbo, naye akatoka. Akaingia Salumu. Sina la kusema juu ya Salumu. Fimbo zilipogongana mara ya pili, ya kwake ilianguka chini, akabaki amekishika kifundo chake. Husseni alikuwa amesimama nyuma ya wapiga ngoma, mikono mitupu, na sikuweza kumtazama.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tumemsikia mkuu, na guu limevunjika vile vile.

Ungedhani yameishia hapo. Baada ya ngoma kukabidhiwa, wali ukaliwa, vijana wakawa wanacheza kwa kujifurahisha tu. Kulwa akamwita Husseni, "Njoo tupashe misuli." Wakaingia. Nakuapia, kaka, Kulwa hakumgusa hata ncha ya kanzu. Husseni alimzungusha, akamwacha apige hewa, kisha akamwekea fimbo kwenye mbavu taratibu, kwa heshima. Saadani wenyewe ndio waliopiga makofi. Nikamgeukia Ami kuona atasema nini. Alisema, "Mnaona? Saa ya nuksi imekwisha kupita."

Nilitamani kulia na kucheka. Nililia.

Tukavuka mto Wami, tukarudi nyumbani. Bibi Somoe tulipomwambia aligeuza uso ukutani, na jioni hakula. Babu alipouchonga msondo ule yeye ndiye aliyeloweka ngozi. Ami alikuja kumpa pole, akaanza habari za kudra. Bibi akamwambia, "Kudra ya Mungu naijua, Sadallah. Hii ni yako." Hajarudi hapa tangu siku hiyo.

Sasa jambo lenyewe linalonifanya nishike kalamu. Juzi wazee wa Saadani walituma mtu kwa Husseni. Wanataka ahamie kwao, awafundishe vijana wao fimbo, na mwakani acheze upande wao. Ami alipopata habari alituita kwake, akaja juu akasema huo ni usaliti, mtoto wa Gongoni hawezi. Husseni alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mama, kule wameniuliza kama naweza kucheza. Hapa waliuliza nyota yangu tu."

Kaka, nimemfungia nguo zake. Kesho anaondoka, na mwakani tukikutana nao, mwanao atatupiga sisi huku akipigiwa msondo wa babu yetu. Nami, Mungu anisamehe, sijui vigelegele vyangu nitampigia nani mwingine.

Nisalimie shemeji, na watoto wote niliowasikia kwa majina tu. Dija na Dadi wanakusalimu, Mina anasema mpunga wako ameuweka, na Bibi Somoe anakuombea kila sala. Salumu pia anakusalimu. Usimchukie, mkono bado umevimba. Ami sijamuuliza kama ana salamu.

Mwenyezi Mungu akulinde na mabaya ya njiani, akupe siha, akurudishe pwani tukuone kwa macho yetu.

Husseni ameniagiza nimwombee radhi kwako kabla hajashika fimbo ya Saadani, maana hataki kucheza bila radhi ya wazazi wake. Mpelekee ya baba. Ya mama nimekwisha kumpa.

Dada yako akupendaye daima,
Zeyana