Maji ya Kinywani

Nawoitorong, Lodwar
18 Agosti 2013

Kwa dada yangu Nyariek, huko Bor,

Ejok, Nyariek. Ejok tena, maana moja haitoshi kwa umbali huu. Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetukutanisha kwenye vumbi la Kakuma. U mzima? Magoti bado yanakuinua? Mkwe wako Nyanut anakula? Mjukuu wetu Ayen ameota tena yale meno ya mbele yaliyong'oka? Mimi nipo. Macho yameingia ukungu, masikio ni mazima, na mdomo wangu, kama unavyoujua, haujapata ugonjwa wowote.

Anayeandika ni Chelangat, fundi wa kushona, jirani ya binti yangu Akai. Nimekuja Lodwar kutibiwa macho, lakini nisikudanganye, macho yangeweza kungoja. Kule Kakuma kila ninayemfahamu anayejua kuandika ni mtu wa kanisa letu, na haya nitakayosema sikutaka yapite mkononi mwa mtu anayeniita Mama wa Kanisa. Chelangat hanijui. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee. Na wewe Lual mwanangu, najua ni wewe unayemsomea mama yako. Soma mpaka mwisho. Usiruke mahali.

Barua yenu ilifika mwezi wa sita, kwa mkono wa dereva wa lori aliyetoka Lokichoggio. Mwinjilisti Aregae aliisoma kanisani baada ya matangazo. Tukasikia kwamba mwaka jana, mlipokuwa hamjamaliza hata kuezeka nyumba, Nyanut alipoteza mimba ya miezi saba. Tukasikia kwamba sasa ana mimba nyingine, na anaogopa hata kuinua ndoo. Tukasikia unavyouliza kama kuna kitu hamkukitimiza mlipoondoka kwetu. Hapo nilishika benchi kwa mikono miwili.

Aregae akafungua kitabu cha Petro. Akasema sisi ni taifa teule, watu waliotengwa na Mungu wawe wake, na kwamba Nyariek na nyumba yake ni wa watu hao, wakiwa Bor au wakiwa Kakuma. Akasema msiwe na hofu juu yao, wamebarikiwa, baraka yao tuliiona wenyewe pale mlangoni siku walipoondoka, Mama Akidor aliwatemea maji kwa kinywa chake. Kanisa zima likageuka kunitazama, Waturkana na wale wenu waliobaki. Wanawake wakanipigia vigelegele. Mmoja akasema mdomo wangu ni kisima. Nyariek, kile kitambaa cheupe cha Mama wa Kanisa unachokijua kiliniunguza kichwa.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi nauza kuni kambini, mizigo yangu mizuri kwa nje, ndani nimeficha vijiti vya miiba. Wanawake wote walinunua wakanyamaza. Wewe ukaufungua mzigo mbele ya watu, kijiti kimoja kimoja, ukaniita mwizi. Nikakwambia wewe twiga, rudi kwenu ukachome nyasi. Kesho yake ukarudi kununua kwangu, ukaufungua tena, na haukuwa na kijiti hata kimoja cha miiba. Tangu siku hiyo ni miaka kumi na tisa. Ulinilisha posho yako wakati mbuzi wangu walikufa na kiangazi. Kijana wangu Ekiru alipozikwa, ulilala kwangu siku nne, na watu wa kwetu wakanicheka kwamba nimeolewa na mkimbizi. Nikawaambia ndiyo, na mahari amelipa.

Na siku ile ya kuondoka, Februari mwaka jana. Kwetu mtu anayesafiri haachwi aende mkavu. Mzee huweka maji kinywani, akawanyunyizia wasafiri kwa mdomo, na watu wanaitikia. Aregae hakutaka, akasema hiyo ni mila. Wewe ndiwe uliyemjibu kwamba Yesu mwenyewe alimtemea mate kipofu, na hakuna aliyemwambia ni mila. Ukasema hupandi lori mpaka Akidor akubariki. Basi mkainama mbele yangu, wewe, Lual, Nyanut na Ayen. Nikauliza mvua ipo, wakaitikia ipo. Maziwa yapo? Yapo. Njia ipo? Ipo. Nikainua kibuyu. Kisha vigelegele, na mkapanda. Ayen alijipapasa uso, akaniambia, bibi, mbona sijalowa? Nikamwambia jua la Kakuma hukausha upesi.

Nilimdanganya mtoto. Nyariek, sikutema yale maji. Niliyameza.

Nilikuwa nayo kinywani, mkono umeshainuka. Nikakiona kichwa chako kimeinama, kina mvi palepale ambapo changu kina mvi. Nikawaza, huyu akienda nani atanifungulia mzigo tena? Wazee wetu walisema safari isiyotemewa maji haifiki mbali. Nikasema moyoni, basi isifike. Lori life Lokichoggio, mtu awaambie mpaka umefungwa, mrudi kesho jioni tucheke. Nikameza, nikawapulizia pumzi tupu. Siku tatu nilikaa njiani nikitazama upande mliokwenda. Lori halikurudi.

Kama ningekuwa na chuki na wewe, ningejua la kutubu. Lakini nilikupenda, na kwa kukupenda nikakunyima.

Yule mtoto wa miezi saba, sijui kama ni mimi. Nimemuuliza Aregae bila kumwambia kisa, akasema Mungu hafungwi na mate ya mwanamke mmoja. Huenda amesema kweli. Ila wewe hukumwomba Aregae, uliniomba mimi.

Nimelitafuna sana lile neno la kutengwa. Mimi sikusoma, ila mbuzi nawajua. Ukiona mbuzi amefungwa kando na wenzake, analetewa maganda ya mgunga mpaka mdomoni, usifikiri ametengwa kwa uzuri wake. Kuna mgeni njiani. Ametengwa ili watu wale. Sisi tumekaa kwenye benchi la mbele miaka yote hii, tunafurahi tumetengwa, tunanenepa, na mgeni alipofika kwangu nilifunga mdomo. Jumapili ijayo nikirudi Kakuma nitasimama niseme haya mbele ya wote. Wakitaka kitambaa chao watachukua. Lakini nimetaka wewe usikie kwanza.

Sikuombi unisamehe leo. Ukinitukana, mwambie Lual aandike matusi yote, asipunguze. Ninachoomba ni kimoja. Hapa chini Chelangat ameacha mahali bila maneno. Tumebishana. Amesema nikitia maji karatasi itaharibika, nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya karatasi hii. Nimechota maji ya mto Turkwel, nimeyaweka kinywani, na safari hii sikumeza. Ukiona wino umetawanyika, ni mimi.

Ichukue karatasi, iloweke kwenye maji safi, umpake Nyanut tumboni. Kisha umpake Ayen usoni, maana yeye pekee ndiye aliyesema kweli siku ile. Wewe jipake mwenyewe ukitaka. Ukiwa bado una hasira, mwachie Lual akupake.

Akai anawasalimu. Wanawake wa kanisa wanawasalimu, wale wenu na wetu. Hata Aregae anakusalimu, anasema hajapata mwingine wa kumbishia. Chelangat naye anawasalimu ingawa hawajui; ameacha kuandika mara mbili kufuta macho, na mimi ndiye mgonjwa wa macho.

Ulinieleza kwamba kwenu mtoto anayekuja baada ya aliyekufa mnamwita Chol. Kila asubuhi, jua likichomoza, nitasimama nje niulize kwa sauti: Chol yupo? Majirani watasema nimerukwa na akili. Wewe huko uitikie, hata kama hunitaki tena. Itikia tu.

Ni mimi dada yako,
Akidor, mama yake Ekiru
(hili ni dole gumba langu)