Nimemficha Mume Wangu Theluthi Yake ya Kitabu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba msaada, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo langu likisimuliwa haraka linaonekana la kitoto na mimi ni mtu mzima, mwalimu wa darasa la tano, mke wa mwalimu wa darasa la sita, shule moja, nyumba moja, na sasa hivi hatuwezi hata kupitishiana chumvi bila kubishana.

Chanzo ni kitabu. Mwalimu mkuu wetu alirudi kutoka semina na kitabu kinene cha walimu, cha kitaalamu, kinachoeleza namna ya kuifanya shule iwe mahali ambapo watoto wana utulivu, wanatendewa kwa usawa na wanajifunza kweli, akakiweka kwenye meza ya chumba cha walimu akasema kila mtu akisome, nasi ni wengi na kitabu ni kimoja, na mashine ya fotokopi ilikufa tangu mvua ilipoingia stoo, basi mimi kwa kiherehere changu nikasema kitabu chenyewe kina sehemu tatu, tukikate mgongoni kwa wembe, kila kundi lisome sehemu yake kisha tubadilishane, na watu wakapiga makofi, na Mkuu mwenyewe ndiye aliyeshika rula nikipitisha wembe. Sehemu ya kwanza, ya ustawi wa watoto, ikaenda kwa mama anayefundisha darasa la kwanza na wenzake, ya pili, ya usawa, ikaja kwetu, na ya tatu, ya kujifunza na kukumbuka, ikaenda kwa kundi la mume wangu.

Mshauri, sikujua kwamba kitabu cha kazi kinaweza kumshika mtu hivi. Nilikisoma nikikoroga uji, nikakisoma nikisubiri pasi ipate moto, na nguo moja ikaungua. Kulikuwa na zoezi la kumwomba mwenzako akae nyuma ya darasa, achore ramani ya madawati, na kila unapomwuliza mtoto swali avute mstari hadi alipokaa. Mwalimu wa michezo akanichorea. Mistari ilijaa safu ya mbele na upande wa dirishani hadi karatasi ikaloa wino, na pembe ya karibu na mlango ilikuwa nyeupe kabisa, na mimi miaka yote najisifu kwamba sina upendeleo. Nikavunja safu, nikapanga madawati kwa vikundi, nikaandika majina kwenye vijiti nikavitia kwenye kopo la maziwa, na kila nikiuliza swali nachomoa kijiti. Ndipo siku moja kikatoka kijiti cha msichana wa pembe ile, ambaye wenzake humwita Kimya na mimi mwenyewe nilishazoea kumruka, nikangoja, darasa zima likangoja, nikaona aibu kwa ajili yake, nikangoja tena, akasema, "Mwalimu, nusu ya robo ni kipande changu cha mkate nyumbani." Akaja ubaoni akachora mama yake anavyoukata, robo, kisha kila robo katikati, na watoto ambao hesabu za sehemu ziliwashinda muhula mzima wakaanza kucheka kwa kuelewa, na mimi nikatoka nje nikajifanya nasoma ubao wa matangazo ili wasione uso wangu.

Sasa mume wangu naye kashikwa na theluthi yake. Kila asubuhi kabla ya lolote anawauliza watoto mambo ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, madaftari yamefungwa, waandike kutoka kichwani, na sikatai, watoto wake sasa wanakumbuka vitu mpaka unashangaa, lakini mwenyewe amekuwa hasemeki, hata mtoto wetu hapewi chai mpaka ataje alichojifunza jana. Muda wa kubadilishana ulipofika hakuna aliyetoa sehemu yake. Mama wa darasa la kwanza, ambaye tunamwita Mama Usingizi kwa sababu siku hizi anawalaza watoto kwenye mikeka baada ya chakula cha mchana, alisema bado anarudia. Mume wangu akasema mbele ya wote kwamba darasa langu lina furaha ya harusini, ukiwauliza Ijumaa walijifunza nini watakwambia nani alikaa na nani. Nikamjibu kwamba darasa lake ni kituo cha polisi, anayejibu anaachiwa, asiyejibu anabaki ndani. Watu walicheka sana. Yeye hakucheka.

Halafu Mkuu akatangaza kwamba maofisa wa elimu wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo kutazama masomo mawili, langu na la mume wangu, na njia itakayowapendeza ndiyo itakayofuatwa na shule nzima mwaka ujao. Jioni ile tukiosha vyombo mume wangu akasema taratibu, bila hasira, na hicho ndicho kilichonitisha, "Ikichaguliwa yako, mama, mimi naomba uhamisho. Sitafundisha kwa vijiti vya mke wangu." Ameshamwuliza karani utaratibu.

Basi kesho yake alipokuwa bafuni nikaitoa theluthi yake mkobani nikaitia ndani ya kasha la cherehani yangu. Ameitafuta nyumba nzima, amemshuku mtoto, amemshuku mwalimu wa michezo, ameniuliza na mimi, nikasema labda ameisahau shuleni. Naona haya kuliandika hili, na uhamisho wake unanitisha, lakini nikimrudishia kabla ya Alhamisi atanishinda, na njia yangu ndiyo ya haki, nimeiona kwa macho yangu, na yule msichana mwakani anapanda darasa la sita, kwa mume wangu, na naogopa atarudi kuwa kimya. Nimrudishie sasa, au Alhamisi ikipita?

Mwalimu wa Vijiti

Jibu la mshauri

Marahaba, Mwalimu wa Vijiti. Nimecheka, unisamehe. Kisha nimekasirika. Kisha nimeinuka kitini nikazunguka chumba kwa furaha, na hiyo ndiyo nianze nayo, maana umenipa habari niliyoisubiri miaka mingi.

Wasomaji wa safu hii wanajua ninavyopiga kelele kuhusu vitabu vya kitaalamu vya walimu. Nimeviona kwenye makabati ya vioo, funguo mfukoni mwa mtu aliye likizo. Nimeviona vikipigwa picha na wageni wa heshima kisha vikageuzwa kigoda cha kipaza sauti. Nimevisoma vingi, vizuri na vibovu, na nimewahi kuambiwa na watu wenye vyeo kwamba walimu wetu hawasomi. Leo napokea barua kutoka shule ambayo walimu wamekipasua kitabu kwa wembe, wananyang'anyana vipande, mke anaunguza nguo kwa ajili ya sura ya usawa. Hao wenye vyeo waje wasome barua yako. Mimi ningeibusu shule hiyo kwenye paji la uso.

Lakini wewe huponi leo.

Umeniandikia mahali ulipoificha theluthi ya mwenzako, na jinsi alivyoitafuta, na uongo uliomwambia. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja tu, na haimo. Hukusema popote kwamba umeifungua. Sehemu nzima ya kitabu iko ndani ya kasha lako, wewe mtu unayeungua kwa hamu ya kusoma, na hukugusa hata ukurasa. Mdogo wangu, mwizi wa kuku walau anakula.

Na usiniambie ni kwa ajili ya haki. Mumeo alikuuliza swali la maana siku ile mbele ya wenzenu, ijapokuwa alilitupa kama jiwe: Ijumaa watoto wako wanakumbuka nini? Hukumjibu. Ulimpiga kijembe cha kituo cha polisi, kizuri, nakikubali, watu wakacheka, na swali likabaki limekaa palepale. Basi nakuuliza mimi. Huyo Kimya aliyekutoa machozi kwa kipande chake cha mkate, umemrudia? Umemwuliza tena nusu ya robo baada ya wiki mbili, bila mkate, bila ubao? Mtoto wa safu ya mbele akisahau, huenda nyumbani yupo kaka wa kumkumbusha. Huyu wa karibu na mlango huenda ana wewe tu. Ukimpa siku moja ya kung'aa kisha ukaacha ipotee, umemfanyia wema, hukumfanyia haki.

Mumeo naye asitabasamu akisoma hapa. Bwana wa darasa la sita, hayo maswali yako ya asubuhi, nani anayajibu? Ikiwa hujui, basi inawezekana unawakumbusha wanaokumbuka tayari. Na nyote wawili mnaomcheka Mama Usingizi mmwombe radhi, maana mtoto aliyechoka na mwenye hofu hachomoleki kwa kijiti wala hakumbuki kwa swali. Kitabu chenu sijakiona, lakini natia shaka kama mwandishi alizipanga sehemu zake tatu ili zipigane. Mkuu wenu aliyeshika rula ndiye aliyeanzisha mpambano huu, na sasa anataka theluthi moja iwe sheria ya shule nzima. Ni sawa na fundi kukushonea mkono mmoja wa gauni akuambie nenda kavae.

Sasa sikiliza, na ufanye.

Gazeti hili linatoka Jumapili, una muda wa kutosha. Leo, kabla mumeo hajaufikia ukurasa huu, mtoto akiwa nje anacheza, toa kile kipande, mpe mumeo mkononi. Usimwekee mezani akidhani amekiona mwenyewe. Mwambie, "Nilikificha mimi. Niliogopa utanishinda." Usiongeze kitu. Atakasirika, ana haki, mwache amalize. Usilie ili anyamaze. Na yule mwalimu wa michezo aliyeshukiwa bure, kesho umtafute na yeye.

Mumeo akitulia, mwombe akufundishe sura ya kwanza ya sehemu yake. Kaa kama mwanafunzi. Najua wewe ni mtu wa kiherehere, umelisema mwenyewe, kwa hiyo hili litakuuma kuliko kukiri wizi. Litakuuma vizuri. Kabla ya Alhamisi akae nyuma ya darasa lako akiwa na karatasi, na wewe ukae nyuma ya lake. Kisha mwende wawili kwa Mkuu mwombe somo moja, walimu wawili mbele ya watoto walewale. Akikataa, ninyi mkubaliane: wewe uanze somo lako kwa maswali ya mumeo, yeye aulize yake kwa vijiti vyako, na maofisa wachague watakachochagua, wakichagua kimoja watakuwa wamechagua vyote viwili bila kujua. Akiona bado uhamisho unamfaa, mwache aombe. Lakini ataomba akijua mambo yote, na si kwa sababu alipoteza kitabu.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya barua nyingine zote. Ile hofu uliyoiandika mwishoni, kwamba msichana anapanda darasa na atanyamaza tena, umeniambia mimi nisiyekujua. Sioni mahali ulipomwambia mumeo. Umemwambia darasa lake ni kituo cha polisi, na hukumwambia kwamba kuna mtoto mmoja unayempenda anaenda kwake na unaogopa. Mkiwa mnasoma pamoja hiyo sura, funga kitabu kidogo, umweleze habari za mtoto huyo, za pembe ya mlango na mkate na ubao, polepole, kama ulivyonieleza mimi. Mwakani ni wake. Aanze kumjua leo.